Pardon ya Mkono, Si ya Kiatu

Kanisani kwetu Ixelles, huku kwa Wazungu, walidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, wajukuu wanne, na goti la kulia linaloniuma nikipanda ngazi, nikaanza kujifunza kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni.

"Sasa umekuwa mamiwata," wakasema wale wamama, wakisukumana mabega.

Nikawajibu kwamba mamiwata ana mkia wa samaki, hana goti. Wakacheka. Mimi niliendelea.

Nilikuwa nasafisha piscine moja, bwawa la kuogelea, huku Evere. Kila mardi, Jumanne jioni, watu wa kawaida wakishatoka, kilikuja chama cha wazamiaji. Nilisimama na raklete yangu ya kukaushia sakafu, nawatazama. Watu wazima, wengine na vitambi, wanakaa chini ya maji wanapumua kama wako sebuleni! Mimi nilizaliwa Uvira, kando ya ziwa. Kuogelea nilijua kabla ya kusoma, na kusoma kwenyewe niliachia darasa la nne. Siku moja nikamwuliza mkuu wao, mzee wa masharubu aliyekuwa dereva wa tram zamani, kama mwanamke wa kusafisha anaweza kujifunza.

"Unajua kuogelea, madame?"

Nikaweka raklete chini, nikaruka na nguo za kazi. Nilivuka mara mbili, nikatoka nikichuruzika.

"Bon," akasema. "Mardi ijayo uje na nguo zake."

Nilijifunza mwaka mzima na nusu. Ya vitabuni mjukuu wangu mkubwa alinisomea kwa sauti, mpaka yakaingia kichwani. Mwisho kilibaki kitu kimoja: kuzama baharini na kutiwa sahihi na mkuu katika daftari langu. Bila sahihi hiyo ningebaki yule maman wa usafi anayecheza majini. Nayo nilitaka kuipata kwenye meli moja tu. Walikuwa wakiizungumzia kila mara, meli iliyozama na watu wake wakati wa vita vya Wazungu, imelala pwani ya Nieuwpoort, mita kumi na tano tu chini.

Nitasema kwa nini. Mdogo wangu alipanda boti kuvuka ziwa wakati wa vita vyetu, na boti haikufika. Hakuna aliyeshuka kumtafuta. Hatukuzika hata shati. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi chombo kinavyolala chini na watu wake. Pale piscine sikumwambia mtu. Haikuwahusu.

Binti yangu alinikataza mpaka asubuhi yenyewe.

"Maman, unaenda kutafuta nini kwa maji ya wafu? Na hii baridi!"

"Naenda kuwasalimia."

"Wazungu wale? Weye unawajua?"

"Nitawajua nikifika."

Kwa ajili ya baridi nikajipaka vaseline uso mzima, nene, kama tunavyowapaka watoto wakati wa theluji. Kosa kubwa. Kwenye boti nilipovaa miwani ya kuzamia, iliteleza mpaka sikioni. Kila mtu alicheka, na aliyecheka zaidi ni daktari mmoja wa meno wa chama chetu, ambaye siku hiyo tulipangwa naye kikundi kimoja, yeye, mimi na mkuu.

"Madame amejiandaa kukaangwa," akasema.

Mkuu hakucheka. Aliangalia saa. Ile bahari yao inajaa na kupwa, siyo kama ziwa letu, na mtu anazama tu katikati, maji yanaposimama kidogo. Ukichelewa, yanakubeba. Nilijifuta uso kwa kitambaa na sabuni ya vyombo mpaka ngozi ikawaka, nikavaa tena. Ikakamata.

Tulishuka kwa kufuata kamba. Maji ya kijani, machafu, huoni zaidi ya mikono miwili mbele yako. Baridi iliingia kwenye meno. Halafu meli ikatokea mara moja, kama ukuta. Imepasuka, imeota maua meupe ya baharini kila mahali, na kaa wanaingia na kutoka wapendapo. Niliogopa, nakubali. Nikaweka kiganja kwenye lile bati, nikasema hodi. Ndani ya kile cha kupumulia neno halitoki, yanatoka mapovu tu. Lakini nilisema.

Daktari wa meno alikuwa mbele yangu na taa. Alikuwa anachokoa mchanga chini ya bati moja. Akavuta kitu, akakitikisa, nikakiona vizuri kwenye mwanga wake. Kiatu. Cha ngozi, cha mguu wa kushoto, kamba bado zimefungwa. Mtu akivua kiatu anafungua kamba. Hicho hakikuvuliwa. Akakitia kwenye mfuko wa wavu kiunoni mwake, akasonga mbele.

Kwetu ziwani, kitu cha mtu aliyekufa majini hakiguswi mpaka watu wake waje. Wavu ukinasa hata kofia, mvuvi anairudisha hapohapo. Kila mtu anajua hivyo, hata mlevi.

Nikamshika mkono.

Akanifanyia ile alama ya vidole, kuuliza kama niko salama. Nikatikisa kidole: hapana. Nikaonyesha mfuko, nikaonyesha mchanga. Akavuta mkono. Sikuachia. Mikono hii imekamua matambara miaka ishirini, haifunguliwi na mtu wa kushika vijikoleo. Mkuu alituona, akaja haraka, akatoa amri ya kupanda juu. Maji yalishaanza kutembea, niliyasikia mgongoni. Nikamshikilia yule kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikafungua mfuko wake, nikatoa kiatu, nikakirudisha chini ya bati na kukifunika mchanga. Ndipo nikamwachia, tukapanda wote watatu.

Juu ya boti kelele zilianza kabla hatujavua mitungi.

"Ni mwendawazimu huyu! Angeniua!"

Mkuu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Madame, chini ya maji hushiki mtu. Hata siku moja. Unajua sheria."

"Najua. Hapo nimekosa." Nikamgeukia daktari. "Pardon kwa mkono wako."

"Na kiatu?" akauliza daktari. "Ningekisafisha, ningekiweka kwenye kabati la kioo nyumbani. Kule kinaoza tu! Si cha mtu."

"Kina kamba zimefungwa. Kina mtu."

"Mtu gani, baada ya miaka yote hii?"

"Weye ukifa na viatu vyako, nani aje kuviweka kwa kioo?"

Mkuu akatoa daftari langu kwenye sanduku lisiloingia maji, akalifungua, na kalamu mkononi.

"Mwambie pardon ya yote, yaishe. Nitie sahihi, twende tukanywe supu."

Daftari lilikuwa pale, karibu na mkono wangu. Mwaka na nusu.

"Ya mkono nimeshasema," nikamwambia. "Ya kiatu sisemi."

Akafunga kalamu.

Chama kilikaa kikao, kikaamua nisiende baharini mwaka mmoja. Binti yangu alinisumbua sana. "Maman, ni neno moja tu, pardon, halafu unapata karatasi yako!" Nikamwambia kama ni neno moja tu, basi waishi bila hilo neno. Na kila mardi nilikuwa pale. Wangenizuia vipi? Mlango wa piscine nilifungua mimi, funguo ninazo mimi. Nilikausha sakafu, nikavaa, nikaingia majini nao. Daktari wa meno alichagua mstari wa mbali.

Mwaka ulipokwisha, mkuu alibandika orodha ya kwenda Nieuwpoort, meli ileile. Nikaenda kusimama mbele yake, maji yakinidondoka.

"Niandike."

Akajikuna masharubu. "Na ukimwona tena mtu anachukua kitu?"

Wengine wakasogea kusikiliza. Ningeweza kudanganya, na daftari lingepata sahihi yake.

"Kwanza nitamwonyesha kidole," nikasema. "Asiposikia, nitamshika."

Akaandika jina langu chini kabisa ya orodha, peke yake, bila mwenzake wa kuzama naye, na bila mwenzake mtu haruhusiwi kushuka. Alijua. Nami nilijua. Sikuondoka. Nilisimama pale na goti langu likiniuma, mpaka akainua kalamu tena, na kando ya jina langu akaandika la kwake.