Mafuta Usoni pa Mama

Baba alipopofuka kabisa aliniomba kitu kimoja tu: aushike tena uso wa mama. Mama alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na baba alisema sura yake inamtoka kidogo kidogo.

Nilikuwa chuoni Mbeya nikisomea kompyuta, na majivuno yalikuwa tele. Nikamwambia inawezekana. Tulikuwa na picha moja, mama amesimama nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Izia, Sumbawanga, mwezi wa saba. Programu niliyoandika husoma mwanga na kivuli: ngozi iliyoelekea jua hung'aa, iliyogeuka hufifia, na kutokana na hapo inakokotoa pua imeinuka kiasi gani, shavu limebonyea wapi. Mashine ya chuo ikautoa uso ule kwa plastiki. Nikasafiri nao kwenye basi, nimeupakata mpaka Sumbawanga.

"Shikamoo, baba. Mama huyu hapa."

Aliupokea kwa mikono miwili. Vidole vilianzia kidevuni, vikapanda, vikasimama kwenye paji. Palikuwa na kinundu. Na kila shavu lilikuwa na chake.

"Mama yako hakuwa na manundu," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Siku ile ya picha aling'aa! Nilimtania kwamba kamaliza kopo zima la mafuta."

Hapo nikaelewa. Nani kwetu anapigwa picha mwezi wa saba bila kujipaka mafuta? Upepo mkavu wa majira hayo huku kwetu Ufipa hupausha ngozi mpaka mtu anaona haya kutoka nje. Mama alitupaka sisi watoto kwanza, ndipo akajipaka yeye. Programu yangu ilidhani ngozi ni kavu kama chungu. Kila mahali mafuta yalipometa, ikajenga kilima. Kosa hilo angelifanya mgeni, si mimi niliyepakwa na mkono uleule.

Nilitaka kuondoka nao nikaurekebishe. Baba akakataa, akabaki nao akiupapasa siku baada ya siku.

Mwezi uliofuata nilimletea mwingine, laini, usio na kinundu hata kimoja. Aliupitishia vidole mara mbili, akanirudishia.

"Labda ndiye. Sijui tena, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimebakiwa na kidogo tu. Sasa kila nikimwaza, anakuja yule wa manundu."