Ng'ombe Wawili Waliokuwa Injini

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta dukani kwa muuza vipuri hapa Bariadi mjini, nikiwa katikati ya kazi ninayoipenda kuliko zote, yaani kumshusha mtu bei. Nilikuwa nimeshika mkanda wa feni, naukunja na kuukunjua kama mtu anayetafuta nyufa, na muuzaji alikuwa ameshaanza kuapa kwa mama yake mzazi kwamba hapati faida. Simu ikalia. Alikuwa mke wa marehemu, na hakusema mengi: "Shemeji, mwenzako ametutoka alfajiri." Nikakaa juu ya tairi lililokuwa linauzwa. Muuzaji akauliza kuna nini, nikamwambia, akavua kofia kwa heshima, kisha akaitaja tena bei yake ileile ya mwanzo. Nikalipa. Sikupunguza hata kidogo, na nilipotoka niliusahau mkanda mezani. Siku ya pili nilirudi kuuchukua, nikajaribu kuomba nirudishiwe chochote kwa kuwa jana yake sikuwa na akili timamu. Alikataa. Wasomaji wanaonijua wataelewa kwamba huo ulikuwa msiba mkubwa.

Marehemu hakuwa fundi magari, na ni vizuri hilo lijulikane mapema. Alikuwa karani mstaafu wa kununua pamba, mzaliwa wa Mwandoya, aliyehamia Bariadi kwa ajili ya shule za watoto na akabaki kwa ajili ya uzembe wa kuhama. Alikuwa na gari moja jeupe la familia, lenye mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Gari hilo limebeba watoto, mahindi, wanakwaya, wagonjwa, na mara moja ndama aliyekataa katakata kukaa kiti cha nyuma. Mafundi aliwaogopa kama wengine wanavyoogopa mahakama. "Ukilipeleka gereji kutibiwa kikohozi," alikuwa akisema, "linarudi linachechemea." Kwa hiyo akaamua kulitunza mwenyewe, na alilitunza kwa elimu pekee aliyokuwa nayo, ambayo ni ya ng'ombe.

Mtu aliyekulia zizini haamki akamwuliza ng'ombe hali. Anaangalia alipolala. Palilowa vipi, kinyesi kikoje, amelalia ubavu upi. Marehemu alifanya hivyohivyo kwa gari. Jioni alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi, kabla ya mswaki na kabla ya salamu, alichuchumaa kulisoma. Tone jeusi ni oili ya injini. Tone jekundu ni la giaboksi. Maji ya kijani yanayoteleza kidoleni ni ya rejeta, na majimaji karibu na gurudumu ni breki, na hapo hakuna safari, hata kama anayesubiri kusafirishwa ni askofu. Baada ya hapo ndipo alifungua boneti akapima oili, akaangalia maji injini ikiwa bado baridi, akakung'uta chujio la hewa ambalo kwa vumbi letu hubeba nusu ya shamba. Mke wake alikuwa akisimama mlangoni na kumchokoza: "Gari umelisalimia. Mimi nitandike boksi langu wapi?" Naye akajibu bila kugeuka, "Mayu, mama yangu, wewe huvuji."

Sasa niwasimulie safari moja, maana bila hiyo mtadhani namwombolezea mtaalamu. Mtoto wa mdogo wake alikuwa anataka kuoa kwenye kijiji kimoja nje kidogo ya Mwandoya. Marehemu, kama baba mkubwa, ndiye aliyepaswa kuongoza ujumbe wa kupatana mahari. Mimi nilichukuliwa kuwa msemaji, kwa sababu aliwahi kuniona mnadani nikimfanya muuza mbuzi alie. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena, aliniita Dalali. Jambo lenyewe halikuwa jepesi. Kulikuwa na mchumba mwingine, kijana mwenye trekta, ambaye watu wake walishafika wiki iliyotangulia. Wazee wa binti walitupa siku moja tu ya kuwasikiliza, na walisema wazi kwamba tusipofika wangemjibu yule wa trekta. Kijana wetu alikuwa hali wala halali.

Tulifika Mwandoya siku moja kabla, tukalala kwa mdogo wake. Marehemu alipoliona vumbi lililolipaka gari njiani, akaamua kwamba haliwezi kwenda ukweni na oili chafu. Akapandisha magurudumu ya mbele juu ya tuta, akazuia ya nyuma kwa mawe, akaingia chini na spana. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikisimamia. Akafungua nati, oili ikaanza kumiminika kwenye beseni.

"Nkoi," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoitana marafiki huku, "hiyo oili mbona nyekundu?"

"Ni mpya. Niliibadilisha juzijuzi tu."

"Kama ni mpya, unaimwaga ya nini?"

"Dalali, wewe kazi yako ni mdomo. Waache watu wa mikono wafanye kazi."

Nikawaacha watu wa mikono. Alipomaliza akafunga nati, akafungua kifuniko cha juu cha injini, akamimina galoni zima la oili mpya. Asubuhi stiki ya kupimia ilikuwa imelowa mpaka karibu na shingo. Akaifuta, akairudisha, akaitoa tena. Ikatoka imelowa vilevile. "Ameshiba," akasema. "Anakwenda ukweni." Tukapanda, yeye, mimi na mdogo wake, wote na makoti. Gari likaondoka likitoa moshi wa rangi ya samawati kama jiko la kuni mbichi. Tulipofika katikati ya pori, injini ikanguruma kama ya ndege, na gari likasimama kama ofisi. Alikanyaga mafuta, likanguruma zaidi. Halikusogea. Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, na nikajua kwamba amejua. Alikuwa amemwaga oili ya giaboksi yote, kisha akajaza injini iliyokuwa tayari imejaa.

Wakati tunaangaliana akatokea mzee mmoja anatoka shambani na ng'ombe wawili wa jembe, nira na mnyororo juu yao. "Mwangaluka, baba," tukamsalimia. Akaitikia, akalizunguka gari taratibu, akapiga tairi teke kama mtu anayekagua dume mnadani.

"Hili linakula nini?"

"Petroli."

"Na limeshindwa kutembea?"

"Limechoka kidogo."

"Hawa wangu wanakula majani," akasema, "na wametoka kulima."

Nilijaribu kupatana naye bei ya kutuvuta, na naomba wasomaji waniamini kwamba sijawahi kupigwa vile. Kila nilipofungua mdomo alitazama jua linavyopanda, kisha anatazama makoti yetu. Mwishoni tulikubali bei yake, na juu yake akaongeza sharti kwamba huko tunakokwenda na yeye ale. Basi tukafungwa mnyororo. Marehemu alikaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu, mgongo umenyooka. Tulipokata kona kuingia kwa wakwe aliwasha taa ya kuashiria kulia.

Bibi wa binti ndiye aliyetuona kwanza, na vigelegele alivyopiga vilisikika mpaka kisimani. "Wamekuja na ng'ombe! Wamekuja nao kabisa!" Kwa desturi, siku ya kwanza huletwa maneno, ng'ombe hufuata baada ya kukubaliana. Sisi tulionekana watu waungwana kupita kiasi. Sisi tukaongozwa ndani, mwenye ng'ombe akaongozwa kunawa mikono, na vijana wa nyumba wakawafungua nira wale wawili na kuwaingiza zizini. Hatukujua. Tulijua pale baba mdogo wa binti, ambaye ndiye msemaji wao, alipokohoa na kuanza.

"Wengine wanakuja na midomo," akasema, akinitazama mimi. "Ninyi mmekuja na ng'ombe kabla hamjaulizwa. Wale wawili tumewapokea. Hesabu inaanzia wa tatu."

Nikageuka kwa mwenye ng'ombe, aliyekuwa na tonge la ugali mdomoni. Nikamnong'oneza, "Mzee, unawauza kiasi gani?" Akameza taratibu. "Siuzi." Nikamnong'oneza marehemu, "Nyamaza tu, nitamlainisha tukitoka." Mdogo wake alikuwa akitazama mkeka kama anamtafutia mwanawe mke mwingine pale chini. Tukisema ng'ombe si wetu, tunaonekana matapeli mbele ya watu wenye mchumba wa trekta mkononi. Tukinyamaza, tumemwibia mtu aliyetusaidia, naye yuko hapohapo anakula maharage. Marehemu akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Wazee wangu," akasema, "wale si mahari. Wale ni injini."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea kueleza yote, nati aliyofungua, oili nyekundu, beseni, stiki iliyolowa mpaka shingoni. Hata swali langu la jana yake alilitaja, jambo ambalo sikumwomba. "Kwa kifupi," akamalizia, "jana nilikamua chuchu isiyo yake, halafu nikamnywesha ng'ombe aliyekwisha kushiba. Na huyu baba anayekula hapa ndiye mwenye mali. Naomba mumrudishie, halafu mtuambie kama bado mna nafasi ya kutusikiliza."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Baba mdogo hakucheka, akauliza, "Kwa hiyo mngeondokaje hapa?"

"Kwa injini hiyohiyo, baba, kama atakuwa ameshiba."

Baba mzazi wa binti akatikisa kichwa. "Wenye trekta walikuja hapa wakaniambia trekta lao halijawahi kuharibika," akasema. "Mimi nimelima maisha yangu yote. Trekta lisiloharibika sijaliona. Hawa angalau wamekuja na ubovu wao hadharani." Mazungumzo yakaanza upya, kutoka kwa ng'ombe wa kwanza. Walitutoza faini ya ng'ombe mmoja kwa usumbufu wa kufungua zizi bure. Nilipambana mpaka ikawa mbuzi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku ile, na naitaja kwa sababu hakuna mwingine atakayeitaja.

Tangu hapo marehemu alipaka rangi nati zake, ya injini nyeupe na ya giaboksi nyekundu, na akajiwekea sheria moja: ukishamwaga oili, chomoa stiki, ifute, ipime tena kabla ya kujaza. Ikitoka kavu, endelea. Ikitoka imelowa, umemwaga pengine. Nimeifikiria sana sheria hiyo tangu simu ile ya dukani, kwa sababu naona mji wetu unaendeshwa bila stiki. Tunaongeza kikao juu ya kikao kilichojaa vikao. Tunaongeza kamati ya harusi juu ya kamati ambayo haijarudisha sufuria za harusi iliyopita. Kule kulikopungukiwa kabisa, ambako ndiko kunakosukuma magurudumu, hakuna anayechungulia. Na magari ndiyo usiseme. Siku hizi kijana ananunua gari la familia, anajua kuunganisha simu na redio yake, lakini boneti anaifungua siku fundi anapomwagiza. Fundi akiguna tu, kijana ameshatoa pochi. Mimi ni mtu wa kupatana bei, nawaambieni bure: huwezi kupunguziwa bei ya ugonjwa usioujua.

Tulimzika Mwandoya. Asubuhi ya safari, uani kwake Bariadi kulikuwa na magari mengi ya waombolezaji, mengine yanang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye milango yake. Mjane akasema jeupe ndilo litakalotangulia. Akatoka kabla ya kumsalimia yeyote, akachuchumaa, akavuta boksi. Lilikuwa kavu. Akalitazama muda mrefu kuliko boksi kavu linavyohitaji kutazamwa. Kisha binti yule tuliyemposa siku ya ng'ombe, ambaye aliolewa kwetu na sasa ni mama wa watoto na ndiye aliyekuwa ashike usukani, akafungua boneti, akachomoa stiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya, akaitoa. Akanionyesha.

"Rudia," nikamwambia.

"Baba, nimeshaona."

"Najua. Rudia."

Akarudia. Tukafika bila kusimama. Kaburini, nyuma kabisa ya watu, nikamwona mzee mmoja amesimama na fimbo yake, nikamtambua kwa namna alivyokuwa akilitazama gari. Nikamfuata, nikamshika mkono. "Leo nimekuja peke yangu," akaniambia. "Niliposikia amekufa nilitaka kuja nao, nikaona watu wataanza kuwapokea." Tukacheka pale msibani, watu wazima wawili wenye mvi, mpaka mjane akageuka kutuangalia. Naye akacheka, kisha akalia, na sisi tukamfuata kwa yote mawili.

Basi, kesho asubuhi, kabla hujawasha gari lako, chungulia lilipolala. Ukifungua nati, hakikisha kilichopungua ndicho ulichokusudia kupunguza, ndipo ujaze. Na ukikosea, kama utakavyokosea, sema mapema, kabla ng'ombe wa watu hawajaingia zizini.