Zamu ya Nabintu

Naweka dau hapa hapa kwamba hamtaamini. Mfunga matairi wa Newtown, hapa Birmingham, aliweka kamari kiasi kile kile alichoweka bosi wake mwenye gereji tatu. Wabishi kaeni chini, hii hakuna anayeisimulia kunishinda.

Jumamosi moja ya mwaka 2006, huyo mfunga matairi, Magloire, alitoka kwa Mama Roselyne, mtunza pesa wao, na bahasha ya likelemba. Wakongo wa kanisa lao huchanga kila mwezi, mmoja anabeba zote, mwezi ujao mwingine. Safari hii ilikuwa zamu ya Nabintu, mkewe, na alishachagua chumba cha saluni kule Erdington. Kilichobaki ni kulipia.

Njiani akakutana na bosi, Jagjit, Singasinga wa Kisumu.

"Twende kasino, bwana. Chai ni ya bure."

Ndani, zulia lilimeza miguu kama wingu. Hakuna saa, hakuna dirisha, taa rangi ya asali, na kijipira kinanong'ona kwenye gurudumu kama mvua ya Bukavu juu ya mabati. Magloire akaiona saluni inaelea mbele yake: vioo, viti vyekundu, Nabintu anacheka.

Jagjit akaweka pesa kwenye namba kumi na saba. Akakosa. Akaweka tena. Akakosa.

"Patron, unapoteza na unapiga miayo?"

"Kwangu hii ni tikiti ya sinema. Tangu Krismasi naweka kumi na saba, haijakuja hata siku moja."

Hapo kichwa cha mtu wa likelemba kikapiga hesabu zake. Mtu achange tangu Krismasi na hajapokea? Basi zamu imefika. Akaitoa bahasha yote, akaiweka kwenye kumi na saba.

"Magloire, acha mchezo."

"Tulia, patron. Leo mimi ndiye nakufundisha utajiri."

Jagjit akacheka, akaweka kiasi hicho hicho kando yake. Kijipira kikazunguka taratibu, taratibu, na saluni ikazunguka nacho, mpaka kikalala kwenye nne.

Jagjit akaagiza sambusa. Magloire akaacha chai yake mezani, akaondoka.

Nyumbani, Nabintu alikuwa sakafuni anakata mapazia ya saluni. Akaitazama mikono ya mumewe.

"Papa, bahasha iko wapi?"

Magloire akakaa juu ya kitambaa.

"Nilifikiri lile gurudumu lina zamu," alisema. "Halina."