Kijana Asiyeijua Ndiva ya Babu Yake

Nakumbuka siku moja ya jua la Dar es Salaam, mwanangu, ingawa mengine huenda nayachanganya. Mimi shule niliishia darasa la saba, na kichwa changu hakina makabati. Nilikuwa kijana, nimeshuka kutoka Chome kwenda mjini mara ya kwanza. Dada yangu Naetwe alikuwa amelazwa hospitali kubwa akingoja kupasuliwa, na shemeji alipiga simu posta ya Same kwamba ndugu waende kutoa damu. Bila damu, hapasuliwi. Ndicho kilichonipeleka, si matembezi.

Mama alinifungia kikapu cha tangawizi, akanipa na onyo: "Mjini fumba mdomo, fumbata mfuko. Hata anayekusalimia anakupima." Onyo lile lilikuwa zito kuliko kikapu.

Basi, nashuka stendi, joto likanivaa kama blanketi lililolowa. Watu wanatembea kama wanaokimbia mvua, hakuna shikamoo wala marahaba. Nikaona maji yanauzwa kwenye mkokoteni. Nikajisemea, hawa wanaouziana maji, watashindwa kuniuza mimi? (Kwa haki, hawakuwa na mfereji. Wangefanyaje? Lakini siku ile niliona ni dalili.)

Mara akaja kijana wa rika langu, anatabasamu. "Mjomba Elia wa Chome? Mimi Mbazi, mtoto wa kaka yake shemeji yako. Lete kikapu, twende."

Lile tabasamu sikulipenda. Jina langu angeweza kulisikia kwa kondakta. Nikamjaribu kama tunavyojaribiana huku kwetu: mgeni akidai ni wa nyumbani, unamuuliza shamba lao linapata maji ndiva gani. Wewe unazijua ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mfereji, kila ukoo na zamu yake. Niliamini mtu anaweza kudanganya jina, zamu ya maji hawezi.

"Kwenu mnamwagilia ndiva gani?"

"Ndiva?" Akacheka. "Mjomba, mimi nimezaliwa Ilala. Maji yangu ya bomba, tena lenyewe likitaka."

"Basi dada yangu humjui."

"Mjomba, tunachelewa..."

"Nitafika mwenyewe."

Nikaondoka. Akanifuata. Nikikaza mwendo, naye anakaza. Kila njia panda anapaza sauti, "Kushoto, mjomba!" nami nakata kulia. "Siyo huko, huko Kariakoo!" Nami ndiyo kwanza nazama Kariakoo. Nilimuuliza njia mama mmoja muuza vitumbua, lafudhi ikaniumbua. Akaangua kicheko: "Wewe Mpare, kikapu umekibana kama shamba la urithi! Si umfuate huyo anayekuita?" Nikajua hapo hapo kwamba lao moja.

Tulifika hospitali jua linazama, mimi mbele natota jasho, yeye nyuma. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Mlikuwa wapi? Watu wa maabara wanafunga!" Wakanikimbiza ndani, wakanitoa damu. Nilipokaa pale ndipo nikaona pamba kwenye mkono wa Mbazi. Yeye alishatoa yake asubuhi, kisha akaja kunipokea, nami nikamzungusha mji mzima juani.

Naetwe alipohadithiwa, hakucheka. "Kaka, umemuuliza ndiva ya babu yake. Kwa nini hukumuuliza mimi nimeamkaje?"

 

Alipasuliwa kesho yake, akapona. Ndiye huyo shangazi yako anayekugombeza ukiacha mlango wazi.

Sasa wewe unafunga begi lako. Sikwambii uache kushuku, maana mjini wezi wapo, nami sitaki kumsingizia mama yangu ujinga. Ila mimi Dar sijaibiwa mpaka leo. Niliibiwa sokoni Same, na aliyeniibia aliijua ndiva yetu vizuri, zamu yao ilifuata yetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na yule wa bomba alishatoa damu kabla yangu; akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo mwanangu, kikapu kishike mwenyewe, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukimpima mtu, usimuulize swali la kumshinda. Muulize habari ya yule unayemwendea: amelalaje, amekula nini, analalamikia nini. Tapeli atababaika. Ndugu atakujibu, nawe utajua haraka ukaze mwendo kiasi gani.

Nenda. Mungu akutangulie stendi, akuwekee mtu wa kukupokea, na akupe macho ya kumtambua. Maji ya zamu yako yasikauke.