Mkate wenye msalaba

Leo nilijua bibi atanifukuza jikoni.

Nilioka mkate wa Ireland, ule unaoumuka kwa magadi soda na mtindi, bila hamira. Kitabu kilisema nichore msalaba juu kwa kisu. Nikauchora, nikauweka kwenye sufuria, makaa chini na juu ya mfuniko.

Bibi kafika kutoka kijijini Mollo, kafunua sufuria. Kauona msalaba.

"Nani kaubariki huu?"

"Hakuna, bibi. Alama ni ili uive katikati."

"Umeweka msalaba, sasa unataka kuupiga kisu?"

Nikaficha kisu mgongoni.

Akafanya ishara ya msalaba, akaumega kwa mkono, akanipa kipande.

"Anza wewe. Kama ni dhambi, ianzie kwako."

Nimekula. Mtamu, ila bado naogopa.

Ninyi mngekula?