Chupa Isiyo na Chura

Mwaka 1977 niliambiwa nichague kati ya baba yangu mzazi na chura.

Cheka tu. Mimi sikucheka.

Naitwa Helena, Msukuma. Baba yangu, Mzee Mihayo, alihamia bonde la Usangu na ng'ombe wake akitokea Maswa, mimi nikiwa bado mdogo. Nikasoma, nikapata kazi Mbeya mjini kwenye maabara ya mifugo, chini ya Dokta Asukile, Mnyakyusa mwembamba aliyependa vyura kuliko watu.

Si utani. Vyura wa mbuga za Madibira, huko huko Usangu, walikuwa na vijidudu kwenye damu, huvioni mpaka kwa hadubini. Dokta alitaka kujua ni vya ukoo gani.

Sasa mwaka huo ng'ombe walikuwa wanakufa Usangu. Bwana mifugo wa huko, Philbert, aliposikia habari za vijidudu vya vyura, akang'ang'ania hapo hapo.

"Kama ni ukoo mmoja na vya ng'ombe, bonde zima ni hatari," alisema. "Ng'ombe wote wa wageni watoke kabla ya masika."

Wageni ndio sisi. Tungekwenda wapi?

Enzi hizo hakukuwa na mashine za kusoma vinasaba kama leo. Tulitumia wanga wa viazi! Unaupika kama uji mzito, unaumimina kwenye trei, ukiganda unatia maji ya vijidudu vilivyosagwa, unapitisha umeme. Vimeng'enya vyao vinatembea humo ndani, na mwendo wao umepangwa na vinasaba. Ukipaka rangi unaona mistari. Mistari ikilingana, ukoo ni mmoja.

Ila kwanza uvikuze kwenye chupa, na chakula chao ni damu. Kitabu kilisema damu ya sungura. Sungura wetu baridi ya Mbeya ilishawamaliza, basi nikamwendea baba.

Baba angeweza kututolea damu ya ng'ombe yeyote. Wapi! Akamleta Mbula, ng'ombe wake wa kujivunia, mnene, ngozi inang'aa. Kwetu mgeni hapewi cha pembeni. Na kwetu ng'ombe mnene hapimwi, umpime ili iweje wakati unamwona? Hata Dokta alimpigapiga mgongoni, akamshukuru baba kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mzee."

Tukakuza, tukapima. Chura wa Madibira na ng'ombe waliokufa Usangu, mistari ile ile.

Philbert akaja mpaka Mbeya. "Ndugu Helena, utakuja mkutanoni kuwaeleza watu wako mwenyewe. Au utasimama na baba yako uukatae ushahidi wa chura?"

Nilitamani nimrushie trei ya wanga usoni.

Kwa wasiwasi nikamwomba Dokta tupime na vyura wa Mufindi, kule Iringa, kwenye mashamba ya chai mbali kabisa na ng'ombe. Tukawapima. Mistari ile ile!

Dokta akakuna kichwa. "Chura wa Mufindi amekutana wapi na ng'ombe?"

Sikukaa chini siku ile. Nashika hiki, naacha kile, naenda dirishani, narudi. Kwenye rafu kulikuwa na chupa moja iliyobaki, ina damu ya Mbula tu. Haikuwekewa chura wala nini. Nikachukua tone, nikaliweka chini ya hadubini.

Vinacheza!

"Dokta, njoo uone. Na chupa hii haina chura."

Aliangalia muda mrefu. Alipoinua kichwa hakutaka kunitazama. "Helena, kumbe hatujapima chura hata mmoja. Vya chura, hata vya ng'ombe waliokufa, vimezidiwa humo chupani. Siku zote tunampima ng'ombe wa baba yako."

Hapo ndipo moyo ulipopasuka. Nikinyamaza, chura atabebeshwa kosa, na Wasukuma wote watafukuzwa. Nikisema, mwenye ugonjwa ni Mbula.

Kilibaki kipimo kimoja: kulinganisha vijidudu vya Mbula na vile vilivyoua ng'ombe, ambavyo Dokta alivitunza pia ndani ya panya, bila kupitia chupani. Umeme Mbeya ukakatika. Mkutano ulikuwa kesho yake.

Nikaenda. Madibira watu wamejaa, baba amekaa mbele kabisa, kavaa koti lake la kanisani. Nikasimama, nikasema yote, chupa kwa chupa.

"Basi kosa liko kwenye zizi la Mzee Mihayo," Philbert akasema.

"Zizi lake litoke!" watu wakapaza sauti. Wengine walikuwa majirani zetu.

Baba akainuka taratibu. "Mnayemwogopa ni mmoja. Leteni kamba na kisu."

Akamchinja Mbula mwenyewe, mbele ya wote. Philbert akafunga mkutano bila kutaja tena habari ya kuhama. Mimi nililia kama mtoto.

Niliporudi Mbeya umeme ulikuwa umerudi na Dokta ameshapima. Mistari ya Mbula haikulingana kabisa na ya vile vilivyoua. Vyake ni vijidudu vinavyoishi ndani ya ng'ombe wengi bila kuwadhuru. Wauaji waliletwa na ndorobo, wale mbung'o wa porini. Baadaye tukapata sungura, tukawapima vyura upya. Walikuwa na mistari yao wenyewe, ukoo wa tatu. Chura hakuwa na kosa lolote.

Nilimfikishia baba habari hiyo nikiwa siwezi hata kukaa.

"Baba, Mbula hakuwa mgonjwa."

"Nilijua. Nimemchunga tangu ndama."

"Sasa mbona ulimchinja?"

Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. "Ng'wanone, mwanangu, ulisimama mbele za watu ukasema ukweli juu ya zizi la baba yako. Nikukatalie pale pale, wakuone mwongo?"

Wajukuu zangu ndio wamenilazimisha niandike haya humu mtandaoni, na nina moja tu la kuwaambia. Mtu akija na vipimo kukufukuza kwako, usimwogope. Muulize: ile chupa isiyo na chura umeiangalia?