Mlango Namba Kumi na Mbili

Watu walimbandika jina la Bawaba, na mwenyewe akalipenda kuliko lile la kuzaliwa. Miaka thelathini na minne alikuwa akitengeneza milango, na hakuwa na dogo. Umpelekee mlango uliokwaruzwa kidogo tu, atakuuliza nani kafanya hivi, lini na kwa nini, mpaka ujute kumjua. Mdomo alikuwa nao. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo watu walivumilia mdomo wakafuata mkono.

Kitu kimoja alijivunia kuliko milango yote: hakuwahi kumpiga mtoto wake. "Mimi mwanangu sijamgusa hata kwa ukucha," alikuwa akisema, hasa mbele ya wanaume wenzake waliposimulia walivyowatandika wa kwao. Mtoto alikuwa mmoja tu, wa kike, sasa ni mtu mzima mwenye mtoto wake wa miaka minne. Na hapo ndipo palipomuuma Bawaba. Mjukuu huyo alikuwa amemwona mara tatu, zote kwenye nyumba za watu wengine. Kwa babu yake alikuwa hajakanyaga. Bawaba alishamchongea kiti kidogo, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu, na kiti kikakaa pembeni ya sebule kikimsubiri mwenyewe. Kila alipomuuliza mkewe kwa nini binti haji, mke alijibu, "Muulize mwenyewe," kisha akaingia jikoni.

Basi siku moja mwalimu wa sanaa wa chuoni akafika karakana, mwanamke mwembamba mwenye suruali iliyojaa madoa ya rangi. Alitaka fundi wa kusimamisha milango kumi na miwili ndani ya ghala tupu.

"Ghala la nani hilo lenye vyumba kumi na viwili?" Bawaba akauliza.

"Halina vyumba, fundi. Ni kazi ya sanaa. Inahusu hasira na woga majumbani. Milango imetoka kwenye nyumba za watu, ile waliyoing'oa kwa sababu iliharibika wakigombana. Kila mlango tunautengenezea kijumba nyuma yake. Mtu anafungua, anaingia, anakuta nyuzi, magazeti, picha, taa, sauti. Anasikia kidogo yale yaliyotokea."

Bawaba akamtazama vizuri, kama mtu anayehakikisha kwamba hachezewi. Kwake sanaa ilikuwa picha ya ndege, inatundikwa ukutani, basi. Milango mibovu kwake ilikuwa kuni. Lakini kazi ni kazi, akabeba boksi lake la zana akaenda.

Alikuta milango kumi na mmoja imeegemezwa ukutani, mitupu, kitasa hakuna, bawaba hakuna; wa kumi na mbili ulikuwa bado haujapatikana. Mwalimu aliweka sharti kwamba ije bila majina, asijulikane mwenye nyumba. Bawaba akapita akiitazama, na kwa sababu hajui kunyamaza, akaanza.

"Huu umepigwa ngumi, na aliyepiga alikuwa nje. Tazama mbao zilivyoingia ndani. Mtu mrefu huyu. Akapiga mara ya pili palepale, kwa hiyo hakuwa amepofuka kwa hasira, alikuwa analenga. Mshenzi."

Mwalimu akaacha alichokuwa akifanya. "Umejuaje?"

"Nimejuaje? Mlango unasema wenyewe. Huu mwingine umesukumiziwa kabati kwa ndani. Unaona mchubuko huu ulionyooka? Mtu alikuwa anajizuia asiingiliwe, na si siku moja, mchubuko una tabaka. Na huu, kwa matundu yake, kitasa kimebadilishwa mara tano. Nyumba gani inabadilisha kitasa mara tano?"

Akaishia hapo, maana lile swali lilimrudia mwenyewe. Vitasa vya namna hiyo alikuwa amebadilisha vingi, akapokea ujira wake na kuaga kwa adabu, bila kujiuliza chochote. Akakaa juu ya boksi lake. Nyumba ngapi alizoingia na bisibisi yake akatoka akipiga mluzi?

Mwalimu alimwomba kitu ambacho hakukitarajia. Alitaka kumrekodi. Nyuma ya kila mlango kungekuwa na spika ndogo, na mgeni akiingia angesikia sauti ya fundi ikiusoma mlango ule, hivyo hivyo anavyosema, na matusi yake. Bawaba alikataa mara moja, akakubali mara ya pili, na kwa siku tatu akaisoma milango yote kumi na mmoja mbele ya kinasa sauti. Jioni alikuwa akimsimulia mkewe aliyoyaona, chakula kinapoa mbele yake. Mke alisikiliza. Na Bawaba hakujua kwamba mkewe akitoka hapo anampigia simu binti yao na kumsimulia yote.

Siku ya nne ukaja mlango wa kumi na mbili.

Uliletwa asubuhi kwa pikapu kabla Bawaba hajafika. Upande mmoja na kingo zote ulikuwa umebandikwa magazeti na picha za vitabu vya watoto, kazi ya mikono ya aliyeuleta. Upande wa pili rangi ilikwanguliwa ikaisha, mbao imebaki tupu. Na mlango ukivuliwa rangi na vyuma, nikwambie, hata aliyeutengeneza anaweza kuupita asiusalimie. Mwalimu akawasha kinasa sauti. Bawaba akachuchumaa, akawasha tochi akaimulika mbao kwa pembeni, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha kilichozibwa.

Akaupitisha mwanga mara mbili, toka chini mpaka juu.

"Huu ni wa mtoto," akasema. "Alama ziko ndani, komeo lilikuwa nje. Nasikia matundu yake kwa vidole hapa chini ya gazeti, manne. Kwa hiyo mtoto alifungiwa. Alama zinaanzia chini kabisa, hapa. Kucha. Mtoto wa miaka minne, mitano. Hapa juu ni visigino, alikuwa amelala chali anapiga teke. Zinapanda juu kadiri anavyokua. Huyu anatumia mkono wa kushoto, upande huu ndio umechimbika zaidi. Hapa ana miaka saba. Hapa ana miaka tisa au kumi, na hapa zinaishia."

"Waliacha kumfungia?" mwalimu akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Matundu ya komeo yamepanuka, limetumika miaka mingi baada ya hapo. Mtoto ndiye aliyeacha kugonga." Akasogeza tochi. "Na tazama haya madoa meupe. Hii ni puti. Mtu ameziba alama hizi, akapiga msasa, akapaka rangi, si mara moja, mara tatu. Na ameziba vizuri mno. Aliyefanya hivi ni fundi, na hakuwa na haraka. Mtu mwenye hasira anavunja kitu kisha anajuta. Huyu hakuvunja kitu. Alifunga mlango, akaenda zake akasubiri kimya, na kimya kilipokuja akadhani mtoto ameshika adabu. Huyu mzee, popote alipo, natamani nikutane naye ana kwa ana nimpe vidonge vyake."

Mwalimu akazima kinasa sauti. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Bawaba naye akajifanya anatafuta penseli.

Mchana wakaanza kuusimamisha. Bawaba alikuwa na kijiti chake cha kupimia bawaba, kimekatwa mapengo matatu, alichorithi kwa baba yake. Mafundi wengine bawaba ya tatu wanaiweka katikati ya mlango. Yeye, kama baba yake, aliiweka juu, upana wa kiganja chini ya ile ya kwanza, akidai mlango hivyo haupindi maisha. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, wenzake walikuwa wakimtania kwamba milango yake ina bawaba mbili na pacha. Akabandua gazeti kwenye ukingo ili achimbe nafasi za bawaba, na nafasi zilikuwepo tayari. Akaweka kijiti. Pengo la kwanza likakaa sawa, la chini likakaa sawa. La tatu likaingia upana wa kiganja chini ya lile la kwanza, bila kupungua wala kuzidi.

Akakiondoa kijiti, akakiweka tena. Akabandua na gazeti la ukingo wa chini, akaona njia za mchwa. Ulikuwa mlango wa stoo ya nyumbani kwake, ule aliouondoa mwaka jana kwa sababu ya mchwa, mkewe akasema atautafutia mtu.

Stoo. Alipokuwa akimwingiza mle binti yake, Bawaba aliita adhabu hiyo kupoza kichwa. Nusu saa, saa nzima, siku nyingine zaidi, kwa sababu ya kujibu vibaya, kuvunja kikombe, kulia bila sababu. Yeye alikuwa akienda karakana, uani hapo hapo, anapiga randa huku ametega sikio. Kukiwa kimya, anakuja kufungua. Na miaka yote hiyo akijisifu kwamba hajamgusa mtoto hata kwa ukucha.

"Futa ile sauti," akamwambia mwalimu. "Ya mlango huu. Nitasema upya."

"Siwezi, fundi. Aliyeuleta alisema sauti yako ikiondolewa, na mlango atauchukua."

Alitaka kubeba zana zake aondoke. Kwa mara ya kwanza toka aanze ufundi alitafuta skrubu na iko mkononi. Mwisho akausimamisha mlango, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine.

Siku ya kufungua maonyesho, binti yake akaja peke yake, mchana kweupe. Akapita milango mingine bila kusimama, akaingia namba kumi na mbili, akafunga. Bawaba alikuwa amesimama karibu na nguzo, anaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mle ndani, ukali wake wote, neno kwa neno, mpaka pale pa vidonge. Watu waliokuwa karibu walimgeukia wakimpongeza. Mmoja akamshika bega, akasema wazazi wa namna ile wanapaswa kutajwa hadharani. Bawaba akaitikia kwa kichwa.

Binti akatoka. Hakuwa akilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama pembeni kama kuna anayesikia. "Ungeniambia tu. Kwa nini ukaniacha nijitukane mbele za watu?"

"Nilikwambia nikiwa na miaka saba. Na kumi na tano. Ukasema natia chumvi." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti. "Mama aliponieleza unavyoisoma milango ya watu, nikajua hapo ndipo utasema kweli. Kwa mlango usiojua ni wa nani."

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Wallahi nilidhani—"

"Ule mpya uliouweka stoo mwaka jana," binti akamkata, "umeuwekea komeo upande gani?"

Mlango ule Bawaba aliukumbuka vizuri. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe, akaupaka rangi, na mkono ukaenda ulikozoea. Nyumba haikuwa na mtoto. Hakukuwa na mtu wa kumfungia. Na komeo alilipiga nje, skrubu nne, akalijaribu mara mbili kuona kama linateleza vizuri.

"Nje," akasema.

Binti akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa majibu aliyokuwa anayajua. "Ndiyo maana mwanangu haji," akasema, akamuaga, akaondoka.

Bawaba hakungoja maonyesho yaishe. Alifika nyumbani jua bado lipo, akampita mkewe jikoni, akaenda moja kwa moja stoo na bisibisi. Skrubu nne. Komeo likamwangukia mkononi, jipya, linang'aa. Yakabaki matundu manne kwenye rangi safi, mabaya kwelikweli kuyatazama. Mkono wake ukaenda kwenye kopo la puti wenyewe, ukalishika, ukaanza kufungua kifuniko. Akaurudisha. Hiyo ilimgharimu kuliko kuling'oa komeo.

Akapiga simu. Binti akapokea.

"Nimeling'oa," Bawaba akasema.

Kimya. Safari hii alikingoja kimya kile bila kujua kina maana gani, na kikamtisha.

"Matundu umeyaziba?"

"Sijayaziba."

"Usiyazibe." Upande wa pili kulisikika mtoto akiuliza ni nani huyo kwenye simu, na mama yake akimwambia ni babu. Kisha binti akarudi. "Jumamosi tutapita, mimi na yeye. Hatutalala."

Mkewe alimkuta amekaa chini mbele ya mlango wa stoo, simu mkononi, analia kama mtoto. Alikwenda sebuleni akakivuta kile kiti kidogo kutoka pembeni, akaanza kukifuta vumbi.